Barua ya Wazi kwa Waziri Mkuu Boris Johnson: Tarehe Tumeisikia, Njia Hatujaoneshwa

Coventry, Uingereza
Agosti 5, 2019

Mheshimiwa Boris Johnson,
Waziri Mkuu,
10 Downing Street,
London.

Mheshimiwa Waziri Mkuu,

YAH: AHADI YAKO YA KUITOA UINGEREZA KATIKA UMOJA WA ULAYA IFIKAPO OKTOBA 31

Kwa heshima ya cheo ulichokabidhiwa Julai 24, nakusalimu na kukupongeza. Mimi ni dereva wa lori, mzaliwa wa Tanga, mkazi na mlipa kodi wa Coventry. Juni 23, 2016 nilipiga kura ya maoni juu ya Umoja wa Ulaya nikiwa na pasi ya Tanzania, maana sheria ilituruhusu sisi raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kwa kibali, wakati majirani zangu Wapolandi na Wareno hawakuruhusiwa. Nilichagua kuondoka. Katika mji wangu tuliochagua hivyo tulikuwa asilimia 55.6, na nchi nzima tulikuwa watu 17,410,742. Msimamo wangu ni ule ule, kwa hiyo nakuomba usiihesabu barua hii miongoni mwa zile za watu wasiotaka jambo hili litimie.

Nimekwishamwandikia mbunge. Nimeiandikia na wizara. Nilichojibiwa ni barua zilizoandaliwa kwa ajili ya kila mtu: asante kwa maoni yako, serikali inajiandaa vyema. Hakuna swali langu hata moja lililoguswa. Ndipo nikaamua kuandika hadharani, na kwa Kiswahili, ili Waswahili wenzangu waliotapakaa kuanzia London hadi Glasgow wajue nimeuliza nini. Nakala ya Kiingereza nimeituma ofisini kwako.

Siku ulipoingia madarakani ulisimama mlangoni ukasema kwamba wenye mashaka na watabiri wa mabaya watashindwa tena, na kwamba tutaondoka Oktoba 31 bila kisingizio. Naomba nikueleze mashaka hayo yanatoka wapi. Mimi hushinda njiani. Kwenye vituo vya madereva, kwenye maghala ninakopakua mizigo, msikitini baada ya sala ya Ijumaa, nasikia watu wa pande zote mbili wakizungumza. Wenzangu tuliochagua kuondoka wanakupenda kuliko walivyompenda Bi Theresa May. Wanapenda unavyosema bila kumung'unya maneno. Lakini ukimuuliza mmoja wao kama Novemba 1 ataamka akiwa nje ya Umoja wa Ulaya, anatikisa kichwa. Waliochagua kubaki nao hawaamini, ingawa wao wanaogopa kwamba utaweza. Watu hawa walikwishaahidiwa Machi 29, ikapita. Ikaja Aprili 12, nayo ikapita. Kuwaita watu wa kukata tamaa ni kuwaonea. Wanachofanya ni kuhesabu, na hesabu haikubali. Dereva akipewa saa ya kufika bila kuoneshwa barabara, atauliza, na kuuliza kwake si uasi.

Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Wabunge ni wale wale

Naanza na Bunge kwa sababu hapa ndipo mtangulizi wako aliposhindwa. Januari 15 mkataba wake wa kujitoa Umoja wa Ulaya ulikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Machi 12 ukakataliwa kwa 391 dhidi ya 242. Machi 29, siku ile ile tuliyotakiwa tuwe tunatoka, ukakataliwa kwa 344 dhidi ya 286. Mara mbili za mwanzo na wewe uliukataa. Mara ya tatu uliukubali. Katikati ya hayo, Machi 27, wabunge waliwekewa mapendekezo manane mezani wachague wenyewe, na hakuna hata moja lililopata wingi.

Je, kuondoka bila mkataba? Machi 13 walilikataa kwa kura 312 dhidi ya 308. Aprili 3, kwa tofauti ya kura moja tu, 313 kwa 312, walipitisha muswada wa kumlazimisha Waziri Mkuu aombe muda zaidi. Na mwezi uliopita, Julai 18, wakati chama chako kikiwa bado kinasubiri matokeo ya kura zako na za Bwana Jeremy Hunt, mliyekuwa mkigombea naye uongozi, walipiga kura 315 dhidi ya 274 kuweka kizuizi ili Bunge lisifungwe kinyemela kipindi cha Oktoba.

Hao ndio watakaorudi kutoka likizo Septemba 3, na upande wako umepungua. Alhamisi iliyopita wapiga kura wa jimbo la Brecon and Radnorshire walimchagua mgombea wa chama cha Liberal Democrats kwa tofauti ya kura 1,425. Najua kwamba kura za chama chako zikijumlishwa na za chama cha Brexit cha Bwana Nigel Farage zilizidi za mshindi. Bungeni hazijumlishwi. Sasa wingi wako, hata ukiwahesabu wabunge kumi wa DUP, chama cha Ireland Kaskazini kinachokuunga mkono, ni wa mtu mmoja. Mbunge mmoja akikwama kwenye foleni, serikali inaweza kushindwa.

Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu kile ambacho mbunge hakunijibu: mkataba gani utapata wingi, na ni nani hasa atakayebadili kura yake? Ahadi ni deni, Mheshimiwa, na anayekopesha ana haki ya kuuliza litalipwaje.

2. Ireland

Umesema kile kipengele cha mkataba wa Bi May kinachoitwa backstop, cha kuzuia vizuizi visirudi kwenye mpaka wa Ireland, lazima kifutwe chote, na kwamba hutakaa mezani na viongozi wa Ulaya mpaka wakubali hivyo. Wao wamejibu haraka. Bwana Michel Barnier, anayeiongoza Ulaya katika mazungumzo haya, ameziandikia nchi wanachama kwamba sharti hilo halikubaliki, na Waziri Mkuu wa Ireland, Bwana Leo Varadkar, naye hajasogea. Hapo ndipo tulipo: kila upande unasubiri mwenzake asogee kwanza, na siku zinayoyoma.

Mimi sikipendi kipengele hicho. Kinaweza kuiacha nchi nzima ndani ya utaratibu wa forodha wa Ulaya bila sisi kuwa na uwezo wa kujitoa kwa hiari yetu, na sikuchagua kuondoka ili tufungwe kwa kamba nyingine. Lakini nimeendesha lori kutoka Belfast kwenda Dublin, na nakuambia kilichonijulisha kwamba nimevuka mpaka ni vibao vya mwendo kubadilika kutoka maili kuwa kilomita. Hapakuwa na kizuizi, hapakuwa na askari. Madereva wazee wa kule husimulia jinsi barabara hiyo hiyo ilivyokuwa na minara ya jeshi na foleni za upekuzi. Vita vile vya Ireland Kaskazini viliua watu zaidi ya 3,500 kabla ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998. Mpaka wenyewe una urefu wa karibu kilomita 500, unapita katikati ya mashamba. Mtu hawezi kuuzungumzia kana kwamba ni geti la ghala.

Mnasema itapatikana teknolojia. Ipi? Kamati ya Bunge lenu inayoshughulikia Ireland Kaskazini ilieleza Machi 2018 kwamba haikuoneshwa popote duniani mfumo wa kiteknolojia unaoondoa kabisa haja ya miundombinu ya mpakani. Tangu hapo umepita mwaka na nusu. Kama mfumo umepatikana, uwekwe wazi tuuone. Sisi madereva ndio tutakaoupitia, na tungeweza hata kukuambia utakwama wapi.

3. Dover

Hapa nazungumza kazi yangu, uniwie radhi nikirefusha.

Bandari ya Dover hupitisha malori yanayoweza kufika 10,000 kwa siku. Yanapita kwa sababu hayasimami. Lori linalotoka Uholanzi au Ufaransa linashuka kwenye feri na kuingia barabarani, kwa kuwa mzigo wake ni wa soko moja. Bandari yenyewe ilikwishaonya kwamba dakika mbili za ziada kwa kila lori zinaweza kuzaa foleni ya maili 17. Dakika mbili ni muda wa kumpa afisa karatasi, aitazame, akuulize swali moja. Anayedhani hilo ni jambo dogo hajawahi kulala kwenye kiti cha lori katika barabara ya M20.

Na matayarisho tumeyaona. Januari 7 serikali ilifanya jaribio katika uwanja wa zamani wa ndege wa Manston, kupima jinsi malori yatakavyopangwa foleni zikitokea. Yalikuja malori 89. Katika majira hayo hayo, kampuni isiyokuwa na meli hata moja ilipewa mkataba wa pauni milioni 13.8 wa kuendesha feri, mkataba uliofutwa mwezi Februari, kisha serikali ikailipa Eurotunnel pauni milioni 33 ili kumaliza kesi iliyotokana na jinsi mikataba hiyo ya feri ilivyotolewa. Wiki iliyopita Waziri wa Fedha, Bwana Sajid Javid, ametangaza pauni bilioni 2.1 zaidi kwa ajili ya kujiandaa kuondoka bila mkataba. Fedha ni nyingi. Hata hivyo, mimi ninayetarajiwa kuwa na karatasi sahihi mkononi sijaelezwa karatasi hizo ni zipi, nani atazijaza, wala nikikosa moja nitaegesha wapi.

Hili haliishii Kent, huko iliko Dover. Sehemu ya mawaridi ya Naivasha hupita kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, kisha hupakiwa kwenye malori kama langu kuja kuuzwa Birmingham na Leeds. Ua halisubiri foleni ya siku mbili. Sehemu kubwa ya insulini inayotumika hapa hutoka ng'ambo, na Bi May mwenyewe ni mmoja wa wanaoitumia. Na sisi tunaotuma pesa nyumbani tumekwishaanza kulipa: siku ya kura ya maoni pauni moja ilikuwa zaidi ya shilingi 3,200 za Tanzania, leo inacheza kwenye 2,800. Wazazi walioko Tanga hawakupiga kura, lakini pengo hilo wanalijua.

Katika kampeni yako ulisema uwezekano wa kuondoka bila mkataba ni mmoja kwa milioni. Leo mawaziri wako wanaelekeza mabilioni huko huko. Tushike lipi?

4. Watu wenye pasi za Ulaya

Uliwashukuru wale raia milioni 3.2 wa nchi za Umoja wa Ulaya wanaoishi hapa kwa mchango wao na ukasema watakuwa na uhakika wa kuishi hapa. Ulifanya vizuri, na naamini ulimaanisha. Miongoni mwao wamo Waswahili. Wapo Wabarawa waliokimbia vita ya Somalia, wakapata uraia wa Uholanzi, kisha wakahamia huku. Wapo Wakongo na Warundi wenye pasi za Ubelgiji. Wazee kati yao hawajui kujaza maombi kwenye simu, na wanasaidiwa na wajukuu.

Wasiwasi wao una sababu. Mwaka jana nchi hii ilishuhudia jinsi wazee wa Windrush, waliokuja kwa haki kutoka visiwa vya Karibi, walivyonyimwa matibabu na kazi, na wengine kurudishwa walikotoka, kwa kukosa karatasi ambazo hawakuwahi kuambiwa wazitunze. Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu kwa sakata hilo. Baada ya hapo shukrani ya Waziri Mkuu haitoshi. Inatakiwa sheria iliyopitishwa na Bunge, inayosema haki hizo zipo hata kama hakuna mkataba.

5. Sisi wa Jumuiya ya Madola

Mwaka 2016 watu wa upande wako walikuja kwetu kuomba kura. Walituambia kwamba mfumo mpya utampima Mtanzania na Mreno kwa kipimo kimoja. Mpaka leo mwenzangu anayetaka kumleta mkewe kutoka Muheza lazima aoneshe kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na ada ya afya kwa wenye viza imepandishwa Januari hii kutoka pauni 200 hadi 400 kwa mwaka. Katika hotuba zako sijasikia lolote juu yetu.

6. Waliokuchagua

Uliingia madarakani kwa kura 92,153 za wanachama wa chama chako. Ni halali, ndivyo katiba yenu ilivyo, na Bwana Hunt ulimshinda kwa mbali. Lakini wanachama hao hawafanani na nchi. Kampuni ya utafiti wa maoni ya YouGov iliwauliza mwezi Juni, na asilimia 63 walisema wako tayari Scotland ijitenge mradi Brexit itimie. Asilimia 61 walikuwa tayari uchumi uumie vibaya. Mimi nilichagua kuondoka na siko tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Wenzangu wa gereji hawako tayari. Wakati huo huo, hasira ya wanaotaka tutoke ni ya kweli, ndiyo iliyokipa chama cha Bwana Farage viti 29 katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya na kukitupa chako nafasi ya tano. Na hasira ya upande wa pili ni ya kweli pia, kwani zaidi ya watu milioni sita walitia saini ombi la kufuta safari yote. Kiongozi anayesikiliza chumba kimoja hawezi kuwatoa watu wote hawa mahali walipokwama.

Mheshimiwa, najua majibu yanayoweza kutolewa.

Utasema kwamba tukishikilia tarehe bila kupepesa macho, Ulaya watalegea dakika ya mwisho. Machi 29 ilikuwa tarehe ya kisheria, nao hawakulegea. Walitoa muda tu, na katika uamuzi wao wa Aprili waliandika kwamba muda huo si wa kufungua upya mkataba wa kujitoa.

Utasema Bunge lilikwishakubali mkataba usio na backstop, Januari 29, kwa kura 317 dhidi ya 301. Ni kweli, na ni hoja yako nzuri kuliko zote. Lakini kura ile ilisema kipengele kibadilishwe kwa utaratibu mwingine, na huo utaratibu mwingine ndio ninaouomba katika hoja yangu ya pili. Miezi sita baadaye ukurasa huo bado ni mtupu.

Utasema Ibara ya 24 ya GATT, mkataba wa kimataifa wa biashara, itatuwezesha kuendelea kufanya biashara bila ushuru tukitoka. Gavana wa Benki Kuu, Bwana Mark Carney, ameeleza kwamba ibara hiyo inahitaji makubaliano ya pande zote mbili. Kuondoka bila makubaliano na kutumia ibara ya makubaliano haviendi pamoja.

Na huenda ukasema, kama wengine wanavyosema karibu nawe, kwamba wabunge wanasaliti wananchi. Wabunge hao tuliwachagua Juni 2017, mwaka mmoja baada ya kura ya maoni. Ni sisi sisi. Sikuchagua kurudisha mamlaka Westminster, yaani Bunge letu, ili Westminster ifungwe mlango.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nayaomba kabla ya wabunge kurudi.

Kwanza, uchapishe maandishi ya kile unachotaka kiwekwe mahali pa backstop: kurasa ambazo Dublin, Brussels na dereva wa lori wanaweza kuzisoma na kuzijibu. Hili kwangu ndilo kubwa. Ukilifanya, nusu ya mashaka ya watu itapungua hata kama mpango wenyewe hautawapendeza wote.

Pili, utamke hadharani kwamba hutalifunga Bunge ili tarehe ipite likiwa limelala. Katika kampeni ulikataa kulifuta wazo hilo. Sasa wewe ni Waziri Mkuu, lifute.

Tatu, muswada wa haki za raia wa Ulaya upelekwe wiki ya kwanza Bunge litakaporudi, na katika wiki hiyo hiyo tathmini zenu za kuondoka bila mkataba zitolewe kwa umma, hasa zinazohusu bandari na dawa, pamoja na maelekezo ya maandishi kwa kila mwenye leseni ya lori: karatasi gani, kutoka kwa nani, maegesho wapi.

Nne, Bunge likikataa mpango wako, uje kwetu kwa uchaguzi mkuu, ukiwa na mpango huo umechapishwa, tuusome kabla ya kupiga kura. Kura nyingine ya maoni siiombi. Ile tuliyopiga sijaona sababu ya kuirudia. Ila nataka safari hii nipigie kura njia ninayoiona.

Julai 24 ulisema pia kwamba jukumu ni lako, utalibeba mwenyewe. Nimelichukua neno hilo kama lilivyo, na ndiyo sababu barua hii imekuja kwako. Naomba jibu la maandishi kabla ya Septemba 3, linalotaja hoja hizi kwa namba zake.

Wako mwaminifu,

Dereva na mpiga kura,
Coventry